Mama amebaki na jicho moja, na mtu anataka dola 3,000 za "utafiti"

Mshauri wetu,

Nakuandikia kutoka Kadutu, Bukavu. Mama yangu ana miaka 58, ameuza vitenge sokoni karibu maisha yake yote. Mwaka jana alianza kugongana na watu wanaopita upande wake wa kushoto. Tukadhani ni uchovu, kisha tukadhani ni miwani. Siku aliyomimina chai mezani, kando ya kikombe, akiwa na hakika anamimina ndani, ndipo nilipompeleka kwa docta wa macho. Walimpima, wakaangalia ndani ya jicho, wakatuambia ni glakoma, ile tansio ya macho. Jicho la kushoto linaona mwanga tu. La kulia bado linaona, lakini nalo limeshaanza kuliwa pembeni.

Alipewa timolol, tone moja asubuhi na moja jioni. Inamchoma, na kila chupa ikiisha natafuta pesa ya nyingine. Kila mara ananiambia: "Hii dawa haifanyi kitu, sioni afadhali yoyote." Kuna wiki naikuta chupa iko vilevile nilivyoiacha.

Sasa mama mmoja anayesali naye alituletea mwanaume anayesema anafanya kazi na kituo cha utafiti nje ya nchi. Wanachoma sindano za seli shina, zile seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine (yeye anasema cellules souches), macho yote mawili siku moja, na neva iliyokufa inaota upya. Bei ni dola 3,000, safari haimo. Alituonyesha video kwenye simu, na karatasi yenye mhuri iliyoandikwa kwamba ni utafiti wa kitabibu. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, ameshatamka kwamba tuuze kiwanja cha Bagira. Anasema mtoto anayeng'ang'ania kiwanja na macho ya mama yake yanazimika, huyo ni mtoto gani?

Kabla ya hapo docta wa hospitali naye alikuwa ametutajia utafiti. Wanalinganisha leza, yaani tiba ya mwanga, na dawa ya matone, lakini mgonjwa hachagui, inapigwa kura. Mdogo wangu anayesoma chuo kikuu akawaka. Anasema utafiti wote ni mmoja, Waafrika tunafanywa panya wa majaribio, mama asimkubali docta wala huyo mwanaume, na hata matone ayaache.

Nimebaki katikati yao. Nani anasema kweli? Mama aingie utafiti au asiingie? Na mimi mwenye miaka 34, nitafika alipo yeye?

Binti wa Kadutu


Dada yangu wa Kadutu,

Kiwanja cha Bagira kisiuzwe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lenye haraka. Kikishauzwa hakirudi, na jicho la kulia la mama likiharibiwa na sindano halirudi pia. Mengine tutayazungumza taratibu, lakini mwanaume huyo asipewe hata dola moja ya "kushika nafasi".

Mambo mawili katika maneno yake yanatosha kumkataa, hata kabla hatujagusa karatasi yake. La kwanza ni bei. Utafiti wa kweli unafanywa kwa sababu wenyewe wanaoufanya hawajui kama dawa inafaa. Kwa hiyo hawawezi kumuuzia mgonjwa kwa dola 3,000 jibu ambalo bado wanalitafuta. La pili ni macho yote mawili siku moja. Anayejaribu tiba mpya ya macho kwa dhamiri safi huanza na jicho moja, kwa kawaida lile lililo baya zaidi, akangoja aone. Mtu anayetaka kugusa siku hiyohiyo jicho pekee analotegemea mama yako hajali nini kitatokea kesho yake.

Jambo hili limeshawakuta watu, na limeandikwa. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa habari za wanawake watatu wa Florida, Marekani, wenye umri wa miaka 72 hadi 88, waliokuwa na ugonjwa wa kuchakaa kwa kitovu cha retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Kila mmoja alilipa dola 5,000. Walitolewa mafuta tumboni, zikatengenezwa seli, wakachomwa macho yote mawili siku moja. Kabla ya sindano walikuwa bado wanaona kiasi cha kujiongoza. Ndani ya siku chache damu ilivuja ndani ya macho, presha ikapanda, retina zikabanduka. Wote watatu waliishia kwenye upofu au karibu kabisa na upofu. Nataka mjomba asikie hasa hili: kituo kile kilikuwa kimejiandikisha kwenye orodha ya tafiti ya serikali ya Marekani, na baadhi ya wagonjwa waliamini wanaingia utafiti. Karatasi walizotia saini hazikutaja utafiti wowote. Kama orodha ya serikali ilitumika hivyo, mhuri kwenye karatasi ya mtu aliyekuja na video kwenye simu utatuhakikishia nini?

Sisemi seli shina ni uongo. Mwaka 2015 Ulaya iliidhinisha tiba ya seli shina kwa watu ambao konea, kile kioo cha mbele cha jicho, imeungua kwa moto au kemikali, na inawasaidia kweli. Lakini ugonjwa wa mama hauko mbele, uko nyuma, kwenye neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Neva hiyo ina nyuzi zipatazo milioni moja, na kila uzi una mahali pake pa kufika. Kuota tu hakutoshi. Lazima zisafiri hadi ndani ya ubongo na kukamata sehemu sahihi. Mwishoni mwa mwaka 2020 watafiti wa Harvard walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyorudisha ujana wa seli za neva ya jicho, na panya wenye glakoma wakarudishiwa sehemu ya kuona. Ni habari kubwa, mimi mwenyewe niliisoma kwa furaha. Lakini panya ni panya, na toka panya hadi binadamu ni miaka ya kazi, na mengi yanayong'aa kwa panya huzimika yakifika kwa mtu. Leo hakuna tiba iliyoidhinishwa, popote, inayootesha upya neva iliyouawa na glakoma. Anayesema anayo anauza.

Sasa matone, kwa sababu kwangu hapo ndipo hatari kubwa iliyomo ndani ya nyumba yenu. Mama anasema dawa haifanyi kitu. Ana haki ya kusema hivyo kama hakuna aliyemweleza kazi yake. Jicho linatengeneza maji ndani yake saa zote na kuyatoa kupitia mfereji mdogo. Mfereji ukizembea, presha inapanda na kuiminya neva, kama sinki ambalo bomba liko wazi na tundu la chini limeziba nusu. Timolol inapunguza yale maji yanayoingia. Haiwezi kufufua uzi uliokufa. Inalinda ulio hai. Kwa hiyo dawa ikifanya kazi yake vizuri, mama hataona badiliko lolote, na huko kutobadilika ndiko kufaulu kwenyewe. Mwambie hivyo wazi, tena kwa Mashi kama ndiyo lugha anayoiamini kwa mambo mazito. Watu wengi sana wameacha matone kwa kutoambiwa neno hili moja, wakaja kurudi wakiwa wanashikwa mkono.

Na hatulijui hili kwa kuamini tu. Tunalijua kwa sababu ya wagonjwa waliokubali kuingia utafiti. Marekani watu 1,636 wenye presha ya juu ya macho, ambao walikuwa bado hawajapata glakoma, waligawanywa kwa kura: nusu walipewa matone ya kushusha presha, nusu walifuatiliwa bila dawa. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba baada ya miaka 5 glakoma ilikuwa imewapata 9.5 katika kila 100 wasio na dawa, na 4.4 katika kila 100 wenye dawa. Mwaka uliofuata watafiti wa Sweden wakaonyesha kwamba kila milimita moja ya presha inayoshuka inapunguza hatari ya ugonjwa kusonga mbele kwa kama asilimia 10. Uingereza nao, mwaka 2015, walitoa matokeo ya wagonjwa 516: nusu walitiwa matone ya latanoprost, nusu matone yasiyo na dawa ndani, na hakuna aliyejua ana ipi. Katika miaka 2, waliozidi kupoteza uwezo wa kuona pembeni walikuwa karibu 26 katika kila 100 wasio na dawa, na 15 wenye dawa. Angalia vizuri: hata wenye dawa, 15 walizidi kupoteza. Ndiyo maana matone peke yake hayamalizi kazi, na mama lazima arudi kupimwa kila anapoambiwa.

Kuhusu kutia dawa yenyewe, kuna namna nzuri. Mtie wewe mwenyewe tone moja tu, afumbe jicho bila kulibana, kisha aminye kwa kidole pembe ya jicho karibu na pua dakika moja au mbili. Dawa inabaki jichoni badala ya kushuka puani na kuingia mwilini. Lakini kama mama ana pumu, au mapigo ya moyo yanaenda polepole, au anapata kizunguzungu na kukosa pumzi tangu aanze dawa, daktari ajue mara moja, kwa sababu timolol haiwafai watu wa namna hiyo na ziko nyingine.

Nije kwa docta na kura yake. Utafiti wa leza na matone si kitu cha kushangaza, na si kitu cha Wazungu peke yao. Ulifanyika Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC pale Moshi, chini ya Kilimanjaro, na matokeo yakatoka mwaka 2021 katika The Lancet Global Health. Walikuwa wagonjwa 201 wa glakoma, wengi ugonjwa ukiwa umeshafika mbali kama kwa mama. Kura iliwagawanya: hawa leza, hawa timolol, dawa ileile anayotumia mama. Baada ya mwaka mmoja, leza ilikuwa imefaulu kwa macho 61 katika kila 100, na timolol kwa macho 31. Mimi nikisoma namba hizo naona kitu cha thamani kwa mji kama Bukavu, ambako chupa ya kila mwezi ni mzigo. Leza hufanywa mgonjwa akiwa ameketi, kwa dakika chache, na mara nyingi nguvu yake inakaa miezi mingi au miaka. Lakini macho 39 katika kila 100 hayakutoshelezwa. Leza si mwisho wa safari.

Kura inamkasirisha mdogo wako, naelewa. Inaonekana kama kumchezea mgonjwa kamari. Sababu yake ni hii: docta akiachiwa achague, hata akiwa mtu mwema, atawapeleka wenye nafuu kwenye tiba anayoipenda na walio hoi kwenye nyingine, halafu atasema tiba yake ndiyo bora. Kura inaondoa mkono wa mtu. Inaruhusiwa tu pale ambapo kweli haijulikani ipi ni bora kwa wagonjwa wa mahali hapo, na katika huu wa leza na matone kila upande unapata tiba.

Hofu yenyewe ya mdogo wako usiipuuze. Ina mizizi. Kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende walitazamwa tu wakiugua, hawakuambiwa ukweli, na hata penisilini ilipojulikana kuwa inaponya walinyimwa. Yaliyotendwa na madaktari wa Wanazi ndiyo yaliyozaa kanuni za Nuremberg mwaka 1947, na tangu Azimio la Helsinki la 1964 madaktari wa dunia wanatakiwa kumweleza mgonjwa na kupata idhini yake. Kwa hiyo anapouliza "tunafanywa panya?" anauliza swali ambalo wengine walilipia kwa maisha yao, na docta yeyote anayeudhika akiulizwa hivyo hafai kumfanyia mama utafiti.

Ila mwambie na hili, maana ni la huku kwetu. Usubi, ule upofu unaoletwa na inzi weusi wadogo wa kwenye mito, umewapofusha wazee wengi wa Kongo. Ivermectin ilianza kugawiwa bure kuanzia 1987, na waliogundua asili yake walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini inaua vijidudu vichanga tu, tena vinarudi. Ikatafutwa nyingine, moxidectin, ikajaribiwa kwa kura dhidi ya ivermectin kwa watu zaidi ya 1,400 wa Ghana, Liberia na huku Kongo, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mwaka mmoja baadaye waliomeza moxidectin walikuwa na vijidudu vichache zaidi kwenye ngozi. Mwaka 2018 dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani. Ushahidi ulitoka kwenye miili ya ndugu zetu walioelezwa na kukubali. Kuwaita panya ni kuwavunjia heshima.

Basi mama aingie au asiingie? Mimi ningemwambia akasikilize, kisha aamue mwenyewe, na uamuzi wangu ungetegemea majibu machache. Muombe docta karatasi ya idhini ya comité d'éthique, yaani kamati ya maadili, na jina la mtu wa kamati hiyo mnayeweza kumpigia bila kupitia kwake. Muulize: mama akipata upande wa matone, dawa ni bure muda wote wa utafiti? Na ukiisha, je? Presha isiposhuka, mnambadilishia tiba baada ya muda gani? Hili la mwisho ndilo nitakalolishikilia kuliko yote, kwa sababu mama ana jicho moja tu na halina akiba ya kusubiri. Tafiti nyingi haziwachukui wenye jicho moja, na docta akisema hafai, msione kama amefukuzwa, huenda ndiyo huruma yenyewe. Maelezo yote asomewe kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kurudi nyumbani kufikiri, na aambiwe kwamba anaweza kutoka siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Likikosekana hata moja kati ya hayo, akatae, aendelee na matone.

Muulize pia habari ya upasuaji. Uingereza walilinganisha upasuaji wa kufungua njia ya maji na matone, kwa watu 453 waliogunduliwa wakati glakoma imeshafika mbali. Matokeo yalitoka mwaka 2021: baada ya miaka 2 waliopasuliwa walikuwa na presha ya chini zaidi, kwa wastani milimita 12.4 dhidi ya 15.1, na maisha yao ya kila siku hayakuwa mabaya kuliko ya wenzao. Kwa mtu ambaye wiki nyingine chupa haiguswi, swali hilo ni la kuulizwa sasa, kabla jicho la kulia halijapungua zaidi.

Mjomba usimpinge mbele ya watu. Anampenda dada yake na anataka kufanya jambo, na huyo mwanaume amempa jambo la kufanya. Mpe lingine. Mwombe yeye ndiye awe mkubwa wa familia atakayekwenda na mama kwa docta na kuuliza hayo maswali. Mwombe pia amuulize muuza sindano, kwa sauti, mbele yenu wote, kwa nini mgonjwa alipe, kwa nini macho mawili siku moja, kamati gani ya maadili imeidhinisha, na nani atamtibu mama jicho likivuja damu akiwa amesharudi Bukavu. Mjomba akishasikia majibu kwa masikio yake, hutahitaji kubishana naye.

Na wewe. Glakoma inatembea katika familia, na sisi watu weusi inatukuta mapema na kwa ukali zaidi. Huko Rotterdam, Uholanzi, walikadiria kwamba ndugu na watoto wa wagonjwa wana hatari ya takriban asilimia 22 ya kuipata maishani, wakati watu wasio na mgonjwa katika familia wana kama asilimia 2. Kwa hiyo si lazima ufike alipo mama, walio wengi hawafiki, lakini ni lazima upimwe, wewe na wadogo zako wote, akiwemo huyo wa chuo. Msikubali kupimwa presha peke yake, maana wapo wengi wenye glakoma ambao presha yao ikipimwa siku moja inasomeka ya kawaida. Daktari aangalie na neva iliyo nyuma ya jicho, na akiona shaka awapime uwezo wa kuona pembeni. Nendeni siku ileile mama anayorudi kliniki, na chupa yake ya timolol muwe nayo mkononi.